Ngozi Ivute I Maji

Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa genge la njia katika mkutano wa tawi, Karatina



Katibu aliponiambia niseme neno juu ya kazi za vijana wetu, nilimjibu kwamba mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni mpaka darasa la nane, na tangu hapo darasa langu limekuwa njia ya reli: nyundo, koleo, mataruma na kokoto. Lakini Katibu akasema, "Wewe tuambie lile ulilotuambia siku ile tukinywa chai." Basi nitasema lile. Ni habari ya ngozi.

Najua wengine mtacheka. Mtu wa reli na ngozi, wapi na wapi? Lakini njia hii yetu, iliyotoka Thika ikapita Maragua, Sagana, Karatina na Kiganjo mpaka kufika Nanyuki karibu na mwaka 1930, ilibeba ngozi na magome ya miti ya kutengenezea ngozi tangu siku zake za kwanza. Wengi wetu tuna ndugu katika viwanda vya miji hii. Na mimi ngozi iligusa nyumba yangu mwenyewe, tena mara mbili.

Mdogo wangu alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha ngozi. Kiwanda chenyewe sikitaji, maana sikuja hapa kushitaki mtu. Alifanya kazi pale miaka mitatu, asubuhi anaitwa langoni, jioni analipwa. Alibeba ngozi mbichi, alizitia katika chokaa, alizitoa. Mikono yake ilichubuka mpaka akawa hawezi kushika kikombe cha chai ya moto. Viatu vya mpira alivyokuwa akivaa alivinunua mwenyewe, navyo vilikuwa vimetoboka. Kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyemwambia ile dawa inaitwaje wala inafanya nini. Aliambiwa tu, "Tia," naye akatia.

Siku moja bomba la maji machafu liliziba. Msimamizi akamwambia ashuke ndani ya shimo akalizibue. Mdogo wangu akavua shati akashika ngazi. Mguu mmoja ulikuwa umekwisha kushuka aliposikia mtu anapiga kelele nyuma yake: "Kaka, toka! Toka upesi!" Alikuwa msichana mwanafunzi, aliyeletwa kiwandani kwa miezi michache kujifunza kazi kwa vitendo. Alimshika mkono akamvuta juu, mbele ya wanaume wote.

Msimamizi alikasirika. Lakini yule msichana hakurudi nyuma. Akawaeleza kwamba maji ya kunyolea nywele za ngozi yana dawa ya salfaidi, na maji ya hatua nyingine yana asidi. Yakikutana ndani ya shimo hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo hunuka kama yai bovu. Ikizidi, pua hufa ganzi, na mtu hudhani harufu imekwisha na hatari imepita, kumbe ndipo anapoanguka. Akasema pia kwamba mara nyingi anayekufa si mmoja: wa kwanza huanguka, wa pili hushuka kumwokoa, naye hubaki huko huko. Basi shimo likafunuliwa likaachwa wazi, hewa ikapulizwa, maji yakavutwa kwa pampu, na bomba likazibuliwa bila mtu kuingia.

Usiku ule mdogo wangu alikuja nyumbani akakaa kimya hata ugali ukapoa. Kisha akatueleza habari yote. Mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo ya meza, na nilishindwa kumtazama machoni dada yetu mdogo.

Sababu ni hii. Dada yetu alikuwa amepata barua ya kwenda kusomea ufundi wa ngozi, na mimi nilikuwa nimemkataza. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeishika karo mkononi sitaki kuitoa. Nilitaka awe karani au mwalimu. Nilimwambia, "Msichana anayenuka ngozi mbichi, nani atamwoa?" Mama naye alikuwa upande wangu. Na kumbe mdogo wangu yu hai siku ile kwa sababu mzazi wa mtu mwingine hakusema kama nilivyosema mimi.

Siku yangu ya mapumziko iliyofuata nilipanda matatu nikaenda kulipa karo mwenyewe. Mama alikuwa bado ananung'unika. Nikamkumbusha jambo tulilofundishwa na misheni: kwamba Petro alipokuwa Yafa alikaa siku nyingi katika nyumba ya Simoni, mtengenezaji wa ngozi, iliyokuwa kando ya bahari. Kama mtume hakuona haya kulala katika nyumba ile, sisi ni nani? Mama alinyamaza, kisha akasema, "Basi aende, lakini asilete ngozi zake jikoni."

Ndugu zangu, alizileta. Likizo ya kwanza alikuja na vipande viwili vya ngozi ya mbuzi. Kimoja kilikuwa kibichi, kingine kimetengenezwa kwa dawa ya kromu. Akateleka maji mpaka yakachemka, akavitia vyote viwili. Kile kibichi kilijikunja kikawa kama gundi. Kile kingine kilitoka vile vile kilivyoingia. Akatuambia, "Hii ndiyo kazi yangu: kuichukua nyama inayooza na kuifanya kitu kisichooza." Mama alikishika kile kipande akakipindua mara nyingi, na tangu siku ile sikusikia tena habari ya harufu.

Naomba niwaeleze kwa ufupi kazi yenyewe, maana mtu huogopa asichokijua.

Ngozi huanza kuoza saa chache tu baada ya mnyama kuchinjwa. Kwa hiyo huwekwa chumvi upesi, kilo 3 mpaka 5 kwa kila kilo 10 za ngozi, au huwambwa juu ya fremu kivulini mpaka ikauke. Ikifika kiwandani hulowekwa irudi laini, ikatiwa chokaa na salfaidi kuondoa nywele, kisha ikakwanguliwa nyama na mafuta. Baadaye chokaa huondolewa, ngozi hutiwa chumvi na asidi, na hapo ndipo hupokea dawa yenyewe ndani ya dramu kubwa za mbao zinazozunguka. Ikitiwa kromu hutoka ya rangi ya buluu, nayo mafundi huiita weti bluu. Ikitiwa dawa ya magome hutoka ya rangi ya kahawia, nzito, ya kufaa soli, mishipi na matandiko ya farasi. Kisha hufuata kupaka rangi, kutia mafuta ili isikauke, kuinyosha, kuisugua na kuipa uso mzuri. Hapo ndipo huenda kwa mkata viatu na mshona mikoba.

Kila hatua ina kipimo chake cha maji, cha dawa, cha joto na cha saa. Ukikosea chokaa, ngozi huliwa. Ukikosea asidi, hupasuka. Kutoka tani moja ya ngozi zilizowekwa chumvi hupatikana kama kilo 200 mpaka 250 tu za ngozi iliyokamilika. Nyingine yote huwa nywele, nyama, vumbi na maji machafu. Maji hayo nayo yataka fundi wa kuyasafisha, maana yakiachwa yataingia mtoni, na mto Sagana haukomi Sagana. Ndio Tana wenyewe, nao hunywewa na watu mpaka pwani.

Sasa, je, kazi hii ni ngeni kwetu? Sivyo. Bibi zetu wa Nyeri, Murang'a na Kirinyaga walivaa ngozi, wakazilainisha kwa mafuta ya mbarika na udongo mwekundu. Ule mkwa wa ngozi ya ng'ombe, ambao mama zetu wameutia kwenye paji la uso wakibeba kuni na maji, haukutoka Ulaya. Na katika vita vya msituni, nguo zilipokwisha na baridi ya Nyandarua ikawa haina huruma, wapiganaji walijishonea makoti na kofia za ngozi za wanyama. Dedan Kimathi mwenyewe alipopigwa risasi na kukamatwa mwezi Oktoba 1956, alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Februari 1957, alinyongwa.

Leo shule yenye jina lake iko nje kidogo ya mji wa Nyeri, kwenye barabara ya Mweiga. Ilianza mwaka 1972 kama chuo cha ufundi, ikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi mwaka 2012, na moja ya kazi inazofundisha ni teknolojia ya ngozi. Mimi naona ni jambo la haki. Mtu aliyekamatwa akiwa na ngozi mgongoni, jina lake limesimama juu ya mlango ambapo watoto wetu hujifunza kuitengeneza.

Na magome je? Babu yangu alipanda miwati, ule mti ambao kwetu huitwa muthanduku. Ulianza kuenea katika milima hii mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka mingi magome yake yalikuwa moja ya njia chache za Mwafrika kupata fedha za kodi na karo bila kwenda kulima shamba la mzungu. Mti hungojewa miaka 7 mpaka 10, ukaangushwa, magome yakachunwa, yakafungwa mizigo, yakapelekwa stesheni. Thika kulikuwa na kiwanda cha kukamua dawa yake. Lakini angalieni vizuri, ndugu. Babu yangu aliuza gome. Aliyejua kuligeuza gome kuwa dawa, na dawa kuwa ngozi, na ngozi kuwa kiatu, ni mtu mwingine. Babu alirudi kukinunua kiatu kile kwa bei ya magome ya miti mingi. Fedha ilikaa kwa aliye na ujuzi.

Je, sisi tumetoka hapo? Tumetoka kidogo tu. Thika na Sagana palijengwa viwanda vya ngozi, na kule Limuru kuna kile kiwanda cha viatu cha Bata ambacho kila mtoto wa shule anakijua. Tangu miaka ya 2000 Serikali imetoza kodi nzito juu ya ngozi mbichi zinazopelekwa nje, ili zitengenezwe hapa. Ni jambo jema. Lakini sehemu kubwa ya ngozi zetu zimekuwa zikiondoka zikiwa weti bluu, yaani zimefika nusu ya safari tu. Kazi yenye maji machafu na sumu hubaki kwetu, na ile ya rangi, ya kukata na ya kushona, yenye mshahara mzuri, huenda kwa wengine. Ni kama treni inayoshusha abiria Karatina ilhali tikiti yao ni ya Nanyuki.

Kwa nini? Sababu ni nyingi. Viatu vya mitumba na vya plastiki vimejaa sokoni kwa bei ambayo fundi wetu hawezi kuishinda kwa urahisi. Mashine ni ghali. Lakini sababu moja iliyo mikononi mwetu ni ufundi. Nendeni machinjioni mkaone. Mchinjaji huchuna kwa kisu chenye ncha, haraka haraka, na ngozi hutoka ina matundu kama chujio. Nyingine imeliwa na kupe, nyingine imechomwa chapa katikati ya mgongo, pale penye thamani kuliko pote. Nyingine imeanikwa chini juani ikaiva juu na kuoza ndani. Hakuna dramu wala dawa iwezayo kuziba tundu la kisu. Hasara hiyo humfika mfugaji, mchinjaji, kiwanda na mfanyakazi wake, kwa sababu mtu mmoja hakufundishwa jinsi ya kushika kisu.

Kwa hiyo nasema mafundi wanaotakiwa si wa aina moja. Yuko wa kuchuna na kuweka chumvi. Yuko wa kupanga ngozi kwa madaraja. Yuko wa dramu, wa kupima dawa katika maabara, wa rangi, wa maji machafu, wa kutengeneza mashine. Yuko wa kuchora na kukata kiatu, wa kushona uso wake, wa kukivuta juu ya kalibu na kukitia soli. Mwenye kufaulu sana shuleni aende chuo kikuu. Lakini hata asiyefaulu sana ana mahali: Thika kuna kituo cha kufundishia kazi ya viatu, na yako mafundisho ya muda mfupi. Pale soko la Kariokor, Nairobi, ambalo jina lake latoka kwa wapagazi wetu wa Vita Kuu ya Kwanza, mafundi wa kandambili na mishipi ya ngozi wamelea watoto wao kwa kazi hiyo miaka mingi.

Sasa naja kwa neno linalokihusu chama. Yule mdogo wangu alijua mambo mengi. Mikono yake iliweza kutambua ngozi iliyoiva katika chokaa kwa kuifinya tu. Lakini kazi ilipopungua, alikuwa wa kwanza kuambiwa kesho asije. Alipokwenda kutafuta kwingine, akaulizwa, "Cheti kiko wapi?" Hakuwa nacho. Miaka mitatu ya jasho ikawa kama hakuishi. Ujuzi usio na karatasi, mwenye kazi huununua kwa bei ya kibarua.

Dawa ya jambo hili ipo, na wengi wetu hatuijui. Katika nchi hii kila mwajiri hutakiwa kulipa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi wake, kuwa ada ya mafunzo, nazo huenda kwa Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani. Fedha hizo hazikatwi mshahara wetu, lakini hulipwa kwa ajili yetu, na mwajiri anayefundisha watu wake aweza kudai kurudishiwa gharama. Mamlaka hiyo hiyo husimamia mitihani ya ufundi, na mtu aliyejifunzia kazini bila kuingia darasani aweza kupimwa akapata cheti. Mdogo wangu anajitayarisha kwa mtihani huo sasa. Mwalimu wake ni dada yetu, jioni, kwa taa ya jikoni. Mama hupika akisikiliza mambo ya chokaa na asidi.

Vile vile iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Yasema mwajiri sharti ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga na mafundisho ya kazi yake. Na mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, aitoe habari, naye asilazimishwe kurudi mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Lakini, ndugu zangu, mtu atasemaje juu ya hatari asiyoijua? Mdogo wangu hakuwa mwoga wala mjinga. Alishika ngazi kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Kwa hiyo tukidai mafunzo hatudai mshahara tu. Twadai pumzi.

Wako watakaosema kwamba vyeti ni vingi na kazi ni chache. Ni kweli, nami sitawadanganya. Nimeona vijana wenye shahada wakiuza maji ya chupa njiani. Lakini fundi wa ngozi ana kitu ambacho karani hana: malighafi yake iko katika kila machinjio, kutoka Embu mpaka Nanyuki, na mara nyingi hutupwa. Vijana watano wenye ujuzi, wakijiunga kwa ushirika, waweza kuanza na ngozi za mbuzi na magome ya miwati, taratibu, bila kungoja tajiri. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi matatu kwa tawi.

La kwanza: tawi liandike orodha ya jamaa wote wa wanachama walio vibarua katika viwanda vya ngozi na viatu, na Katibu awasaidie kujiandikisha kwa mitihani ya ufundi. Nao washauriwe kujiunga na chama cha kazi yao. Sisi wa reli tunajua thamani yake.

La pili: tuwaalike wanafunzi na walimu wa ngozi kutoka Nyeri waje kusema na vijana wetu Jumamosi moja, pamoja na wachinjaji wa soko la Karatina. Tutoe kwa hiari fedha kidogo ya chai na nauli.

La tatu ni la kila mzazi na kila kaka mkubwa aliyemo humu. Mtoto akileta barua ya kusomea kazi ambayo ninyi mwaiona chafu, msiishike karo kwa wiki mbili kama nilivyofanya mimi. Muulizeni kwanza kazi yenyewe ni nini, mkaione.

Wahenga walisema: ngozi ivute i maji. Anayewamba ngozi aijua maana yake, kwamba ikisha kukauka haivutiki tena, hupasuka. Sisi watu wazima tumekwisha kukauka kidogo, nami nimejipasua mara moja. Lakini vijana wetu bado ni maji. Tuwavute sasa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Umoja ni nguvu.